Buibui Mkubwa Ukutani: Ni Yupi, na Je, Ana Madhara?

Mvua zinapoanza, sanduku la barua la ukurasa huu hujaa swali moja lenye sura nyingi: buibui mkubwa ameonekana ndani ya nyumba, mtu amekimbilia ufagio, na sasa mwenye nyumba anataka kujua aliyeuawa alikuwa nani. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, nami nimezijibu kwa kirefu au kwa ufupi kadiri kila moja ilivyostahili.

*Ndugu Mjibu Maswali, ninaishi Entebbe karibu na ziwa. Usiku nikiwasha taa ya sebuleni ninamkuta buibui wa rangi ya kahawia ukutani, amenyoosha miguu hata anakaribia upana wa kiganja changu. Hana utando wowote. Nikimsogelea hukimbia kwa upande kama kaa na kujificha nyuma ya kalenda. Juzi nilimwona mmoja amebeba kitu cheupe cha duara chini ya tumbo. Mke wangu anataka tupulize dawa nyumba nzima, na jirani yetu anasema buibui huyu huua watoto. Ni buibui gani?* — Msomaji, Entebbe

Ndugu yangu, barua yako imenifurahisha kwa sababu umetaja yale ambayo hasa humtambulisha buibui, yaani namna anavyoshika miguu yake, kama ana utando au hana, na jinsi anavyotunza mayai. Wengi huniandikia ukubwa na rangi tu, na hivyo viwili ndivyo vinavyopotosha zaidi, kwa kuwa rangi ya buibui mmoja hubadilika anapokua na kujivua ngozi, na ukubwa hukadiriwa na mtu ambaye tayari ameshtuka.

Unayemweleza ni buibui mwindaji wa familia ya Sparassidae, na kwa jinsi alivyobeba mayai yake sina shaka kubwa kwamba ni yule aitwaye na wataalamu Heteropoda venatoria. Huyu ameenea katika karibu nchi zote za joto duniani, kwa sababu kwa miaka mingi amekuwa akisafiri bila kujulikana ndani ya mizigo ya meli, hasa katikati ya mikungu ya ndizi. Mwili wa jike una urefu wa sentimita 2 hadi 3, lakini miguu yake ikinyooshwa hufikia sentimita 7 hadi 12 kutoka ncha hadi ncha, na ndiyo maana mtu humwona mkubwa kuliko alivyo. Dume ana mwili mwembamba zaidi na miguu mirefu zaidi. Ukipata ujasiri wa kummulika usoni kwa tochi, utaona ukanda wa rangi ya krimu umepita mbele ya uso, chini kidogo ya macho. Hiyo ni alama yake nzuri sana.

Miguu ya buibui wengine hupanda juu, ikapinda kwenye goti, kisha ikashuka. Ya huyu imegeuzwa tangu kwenye shina lake, kiasi kwamba inalala pembeni sambamba na ukuta. Umbo hilo humwezesha kujibana katika ufa mwembamba wa fremu ya mlango na kukimbia kwa upande kama ulivyoona. Chini ya nyayo zake kuna vifungu vya nywele nyembamba mno ambavyo humshikiza kwenye kioo na kwenye ukuta uliopakwa rangi ya mafuta, mahali ambapo buibui wengi wangeteleza.

Kitu cheupe ulichokiona ni kifuko cha mayai. Jike hukibeba chini ya mwili wake kwa majuma kadhaa mpaka watoto watoke, na katika muda huo hula kidogo sana. Kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 150. Jike wa namna hiyo usimguse kwa mkono kabisa, kwa sababu akiwa na mayai hatakimbia upesi kama kawaida yake, na akibanwa atauma. Akiuma, utapata maumivu makali ya muda na uvimbe mdogo mahali pale. Jirani yako amesema alichosikia, wala simlaumu, lakini sumu ya buibui huyu haijulikani kuwa inaua mtu, mkubwa wala mtoto.

Hata hivyo neno lako moja, kalenda, linanilazimisha nimtaje buibui wa pili ambaye huchanganywa sana na huyo, na ambaye naamini yumo katika nyumba nyingi za Uganda bila wenye nyumba kumjua. Huyu ni wa jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana sana) ya Selenops. Naye hana utando, naye hukimbia kwa upande, lakini mwili wake ni bapa kupita kiasi, hivi kwamba anaishi kati ya kalenda na ukuta kama vile nafasi ile ilijengwa kwa kipimo chake. Rangi yake ni ya kijivu au ya kahawia yenye mabaka, na miguu yake ina mapete meusi. Ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utaona macho sita yamejipanga mstari mmoja mbele, na mawili yamebaki nyuma kidogo. Kasi yake ni ya ajabu: watafiti waliompiga picha za mwendo wa haraka waliona kwamba buibui wa jenasi hii hugeuka na kumkamata mdudu aliye nyuma yake ndani ya takriban sehemu ya nane ya sekunde. Tofauti iliyo rahisi kabisa ni mayai. Selenops hayabebi, bali huyabandika ukutani na kuyafunika kwa kipande cheupe, bapa na cha duara, chenye upana wa kidole gumba hivi, ambacho watu hukikwangua kwa kisu siku ya kupaka rangi wakidhani ni chokaa iliyovimba. Naye hana madhara yoyote ya kuhofiwa.

Sasa kuhusu dawa. Mwambie mama watoto, kwa heshima zangu zote, kwamba buibui huyu amefuata chakula. Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Viktoria mnawajua wale wadudu wadogo wa ziwani ambao makundi yao huonekana kwa mbali yakipanda angani kama moshi, na usiku hujaa kwenye taa za baraza. Palipo na wingi kama huo, wawindaji hawakosekani. Ndani ya nyumba, windo lake kubwa ni mende. Dawa ya kupuliza itawaua mende wakubwa na buibui pamoja, lakini mayai ya mende yamo ndani ya vifuko vigumu ambavyo dawa nyingi haziingii. Baada ya majuma machache mende wadogo watatoka, na safari hii hawatakuta wa kuwawinda. Zimeni taa ya baraza mnapokwenda kulala, zibeni uwazi ulio chini ya mlango, funikeni mabaki ya chakula, na chomekeni vizuri chandarua cha watoto chini ya godoro. Buibui watapungua wenyewe kwa kukosa riziki.

Kama hamwezi kabisa kulala naye chumba kimoja, jambo ambalo ninalielewa, mtoeni akiwa hai. Chukua bakuli la plastiki lenye mdomo mpana, msubiri atulie, mfunike taratibu ukutani, kisha pitisha jalada gumu la daftari kati ya mdomo wa bakuli na ukuta. Anza kupitisha upande ambao hakuna mguu, ili usimkate. Mpeleke kwenye migomba au stoo. Wazee wengi wa Kiislamu huwakataza watoto kuua buibui kwa kukumbuka kisa cha utando uliofunga mlango wa pango la Thaur alimojificha Mtume Muhammad, na ninaona kuwa katazo hilo limeziokoa nyumba nyingi na mende bila watu kujua.

*Nyumba yetu hapa Jinja ni ya zamani, na chini ya paa pembeni ya dirisha kuna utando mkubwa wenye nguvu sana. Mwenye utando ni buibui mkubwa mweusi, ambaye upande wa chini ana wekundu. Kando yake kuna buibui wadogo wawili. Je, ni watoto wake? Na je, anaweza kushuka usiku akaingia kitandani?* — Mama wa nyumbani, Jinja

Mama, wekundu ule wa kifuani kwa chini umemtaja kwa jina: ni Nephilingis cruentata, buibui wa Afrika ya kitropiki ambaye anapenda sana kuta na paa za nyumba. Uchunguze utando wake vizuri, nawe utaona kwamba kitovu chake hakiko katikati bali kimesogea juu, na kutoka hapo kuna kichochoro cha hariri kinachoelekea chini ya bati, ambamo hujificha mchana. Wale wadogo si watoto wake, ni madume. Katika jamii hii dume ni mdogo kiasi hicho, na hukaa pembezoni mwa utando akisubiri wakati ufaao.

Hawezi kuja kitandani kwako. Buibui wa tando za mviringo huona kwa udhaifu na hutegemea mtikisiko wa nyuzi kwa karibu kila jambo. Ukimweka sakafuni huwa mzito na mwenye kupotea. Ukiona katika bustani utando mwingine mkubwa ambao nyuzi zake zinang'aa kwa rangi ya dhahabu jua likiupiga, huyo ni wa jenasi ya Trichonephila, jamaa yake wa karibu, naye pia mwache alipo.

*Ndugu Mhariri, baada ya mvua kubwa hapa Soroti, buibui mnene mwenye manyoya mengi aliingia kwa chini ya mlango. Nilipomgusa kwa fimbo aliinua miguu ya mbele akaonyesha meno. Sijapata kuona kitu kama hicho. Vijana walimuua. Je, tulikuwa hatarini? Na je, wenzake watakuja?* — Fundi seremala, Soroti

Huyo ni buibui wa shimoni wa familia ya Theraphosidae, ambao ndio wakubwa kuliko wote tulio nao. Mambo mawili humtofautisha mara moja na wale wa Entebbe. La kwanza ni unene: miguu yake ni minene tangu shina hadi ncha, na imefunikwa manyoya kama mwili mzima. La pili ni hayo meno uliyoyaona. Meno ya buibui wa kawaida hukutana katikati mithili ya koleo, lakini ya huyu yamesimama sambamba na huchoma kwenda chini, ndiyo sababu lazima ainue sehemu ya mbele ya mwili kabla ya kuuma. Kuinua miguu kulikuwa onyo, nalo lilikuwa la kweli.

Jike huishi miaka mingi ndani ya shimo alilolichimba na kulipaka hariri ndani, na mara nyingi hasogei mbali na mlango wake maisha yake yote. Mnayemwona akitangatanga, hasa mvua zinapoanza, kwa kawaida ni dume aliyekomaa anayetafuta jike, au ni buibui ambaye shimo lake limejaa maji. Kwa hiyo msitarajie jeshi. Huyo alikuwa mpita njia aliyeona uwazi chini ya mlango, na angetoka hata kama asingetolewa, kwa kuwa sebule kavu ya saruji haimfai kwa lolote.

Kuhusu hatari, sitakudanganya: akiuma, anaumiza. Maumivu huwa makali, mahali huvimba, na baadhi ya watu hupata kukakamaa kwa misuli kunakoweza kuendelea kwa siku kadhaa. Aliyeumwa apelekwe kituo cha afya apewe dawa ya maumivu na kuangaliwa. Lakini kifo kutokana na buibui hawa si jambo linalojulikana. Watu husoma pia kuhusu manyoya yanayorushwa na kuwasha macho. Hayo ni ya jamaa zao wa bara la Amerika, na hawa wa Afrika hawana silaha hiyo. Kama atakuja mwingine, mfunike kwa ndoo ndogo, pitisha kipande cha mbao nyembamba chini yake, jambo ambalo wewe fundi hutakosa, kisha mpeleke mbali na nyumba, kwenye ardhi kavu yenye nyasi.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tororo. Mwanafunzi wangu mmoja amekuja na kidonda mguuni kinachozidi kupanuka. Wazazi wanasema aliumwa usiku na buibui mkubwa, ingawa hakuna aliyemwona. Walikichanja kwa wembe na kukiwekea jiwe jeusi. Ni buibui yupi wa kuogopwa, nami niwafundishe watoto nini?* — Mwalimu, Tororo

Mwalimu, kabla ya maelezo yoyote ninakuomba umpeleke mtoto huyo kwenye kituo cha afya cha ngazi ya tatu au ya nne wiki hii hii. Kidonda kinachopanuka si jambo la kusubiri, na wembe uliotumika umeongeza hatari ya vijidudu na ya pepopunda.

Baada ya hapo, tulitazame lile neno "hakuna aliyemwona". Katika mambo yote ninayoandikiwa kuhusu buibui, hili ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa sababu buibui hubebeshwa kila kidonda kinachokutwa asubuhi, na wakati familia inamlaani buibui, ugonjwa wenyewe unaendelea kula nyama. Jipu la kawaida linalosababishwa na bakteria huanza kama alama ya kuumwa na mdudu. Yule mdudu mwembamba mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, aitwaye Nairobi flai, haumi kabisa, lakini akipondwa juu ya ngozi maji yake huunguza, na kesho yake mtu huamka na malengelenge yaliyojichora mstari. Nasi Waganda tunapaswa kuwa wa kwanza kuukumbuka ugonjwa wa vidonda vya Buruli, kwani umepewa jina la eneo la Buruli, karibu na mto Nile katika wilaya ya Nakasongola. Daktari Albert Cook, mmisionari Mwingereza, aliandika habari za vidonda vya namna hiyo katika hospitali ya Mengo mwaka 1897. Huo husababishwa na bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu na ukoma, huanza mara nyingi kama kivimbe kisicho na maumivu, kisha ngozi hufunguka na kidonda hupanuka chini kwa chini ya kingo zake. Hutibika kwa dawa za antibiotiki zinazotumiwa kwa majuma manane, na kadiri unavyowahi ndivyo mtoto anavyonusurika na ulemavu. Sisemi kwamba mwanafunzi wako ana Buruli. Ninasema kwamba mwenye kuamua ni mhudumu wa afya aliyekiona kidonda.

Sasa buibui wa kuogopwa. Hao si wale wakubwa. Wa kwanza ni Latrodectus geometricus, ambaye mwili wake hauzidi sana sentimita 1. Ni wa kahawia au kijivu, tumbo lake ni la duara, miguu ina mapete, na ukimwona kwa chini ana alama ya rangi ya chungwa yenye umbo la pembetatu mbili zilizokutana kwa ncha. Hakai ukutani peupe. Hutandaza nyuzi ovyo ovyo mahali pa chini pasipoguswa: chini ya viti vya plastiki, nyuma ya mitungi, kwenye kingo za chini za tangi la maji, ndani ya viatu vilivyosahauliwa barazani. Alama yake isiyokosewa ni vifuko vya mayai, ambavyo ni vijipira vya rangi ya maziwa vilivyojaa vijiba pande zote. Ukivunja utando wake hujikunja na kuanguka kama aliyekufa, na wengi huumwa kwa sababu wamemkalia au wamembana bila kujua. Sumu yake hufanya kazi kwenye neva. Kwa kawaida huleta maumivu mahali alipouma, lakini mtu akianza kutokwa na jasho jingi, tumbo au mgongo kukaza, au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kuchelewa, hasa akiwa mtoto mdogo au mzee.

Wa pili ni wale wa jenasi ya Loxosceles, wanaopatikana sehemu mbalimbali za Afrika. Nao ni wadogo, wa rangi ya kahawia isiyovutia, wenye macho sita tu yaliyopangwa mawili mawili, ilhali buibui wengi wana manane. Sumu yao inaweza kuua ngozi ya mahali walipouma. Hupenda giza la masanduku na nguo zilizorundikwa.

Kwa hiyo wafundishe watoto wakung'ute viatu kabla ya kuvivaa, wasitie mkono chini ya kitu wasichokiona, na wamwite mkubwa badala ya kumpiga buibui kwa kiganja. Mtu akiumwa kweli, paoshwe kwa maji na sabuni, pawekwe kitambaa cha maji baridi, na kiungo kitulizwe. Wembe, kufyonza kwa mdomo, kufunga kamba na jiwe jeusi havitoi sumu yoyote, na baadhi yake huharibu zaidi ya buibui mwenyewe.

*Huku Moroto kuna buibui wa miguu kumi mwenye mbio za kutisha. Usiku hutufuata kwenye taa, na ukikimbia anakukimbiza. Watu wanasema sumu yake haina dawa.* — Dereva wa lori, Moroto

Ndugu dereva, huyo si buibui. Ni jamaa wa mbali wa buibui na nge aitwaye solifuga, anayependa nchi kavu kama Karamoja. Ana miguu minane kama wenzake. Hiyo miwili unayoihesabu zaidi ni vipapasio vya mbele ambavyo ni virefu kama miguu. Taya zake ni kubwa kwa kulinganisha na mwili wake na zinaweza kutoboa ngozi zikikubana, lakini hana tezi za sumu, kwa hiyo dawa ya kutafuta ni sabuni na maji ya kusafishia jeraha. Hakukimbizi wewe. Usiku anafuata wadudu waliokuja kwenye taa yako, na mchana anafuata kivuli, na kivuli kilicho karibu mara nyingi ni chako. Simama uone atakavyopita.

*Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Arua, napenda sana buibui. Nikimpata mkubwa nyumbani nifanye nini ili nijue jina lake hasa? Na je, wapo buibui wa nyumbani wanaokula mbu?* — Mwanafunzi, Arua

Mwanangu, umenipa furaha. Buibui waliokwisha kupewa majina duniani wamepita 50,000, kwa hiyo usikate tamaa ukishindwa kumpata mmoja. Anza kwa familia, si kwa jina la mwisho, kwa maana ili kutaja spishi kwa uhakika mara nyingi mtaalamu hulazimika kutazama viungo vya uzazi kwa hadubini: kwa dume ni ncha za vipapasio vyake, ambazo huvimba anapokomaa, na kwa jike ni bamba dogo lililo chini ya tumbo. Dume aliyekomaa unaweza kumtambua hata kwa macho matupu kwa uvimbe huo wa mbele ya uso.

Piga picha tatu, moja ya mgongo, moja ya uso ili macho yahesabike, na moja ya upande wa chini ukimweka ndani ya glasi. Karibu yake weka sarafu ya shilingi mia tano ili ukubwa upimike. Andika alikuwa wapi, saa ngapi, na kama palikuwa na utando au kifuko cha mayai. Usiku pita uani ukiwa umeshika tochi karibu na paji la uso. Nukta za kijani zinazong'aa majanini ni macho ya buibui wa familia ya Lycosidae, ambao jike hukokota mayai yake nyuma ya tumbo na kisha kuwabeba watoto mgongoni. Tena, usipite kando ya "maiti" za buibui zilizokauka ukutani bila kuzitazama. Nyingi ni ngozi zilizovuliwa. Utaijua ngozi kwa kuwa kifuniko cha kichwa kimefunguka kama mlango na ndani hamna kitu, huku kila mguu ukiwa kamili, hata nywele na vioo vya macho vimo. Hizo unaweza kuzikusanya kwenye kiberiti na kujifunza nazo bila kuua yeyote.

Kuhusu mbu, jibu ni ndiyo, na mwenye sifa hiyo hasa ni jirani yetu. Anaitwa Evarcha culicivora, ni buibui mrukaji mdogo wa milimita chache tu, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 2003 kutoka Mbita Point upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, naye hupatikana pia Entebbe. Huwapendelea mbu majike walioshiba damu kuliko windo jingine, na majaribio yameonyesha kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Huko Arua huenda usimpate, lakini warukaji wengine wapo kwenye kila ukuta unaopigwa na jua. Utawajua kwa macho mawili makubwa ya mbele, na kwa namna wanavyogeuka kukutazama unapowasogelea. Wape muda wakuzoee kabla ya kuinua kamera.